Mgeni Akiumia Kwako, Ni Nani Atakayelipa?

Je, msomaji, ni mara ngapi umesikia kwamba fulani ameteleza kwenye ngazi za watu, ametumbukia kisimani au ameangukiwa na ukuta, na waliokuwapo wakatikisa vichwa na kusema, "Ajali haina kinga"? Msemo huo huleta faraja, na wanaousema hawana nia mbaya. Lakini sheria za Kenya haziukubali wote. Mbele ya korti, ajali nyingi huonekana zilikuwa na kinga, na mara nyingi kinga yenyewe ilikuwa kitu kidogo mno: mfuniko wa mbao, balbu ya taa, msumari mmoja kwenye ubao uliolegea. Hakimu huuliza, ni nani aliyepaswa kuiweka kinga hiyo, na mbona hakuiweka?

Swali hilo linamhusu landilodi wa ghorofa kule Eastleigh, mwenye duka la Kisumu, mwenye mashua wa Lamu, na hata mama anayemkaribisha jamaa yake kwa chai. Ili tulielewe vizuri, hebu tuondoke mjini kwa muda, twende kisiwani Ndau.

JABIA LA NDAU

Ndau ni kisiwa kidogo katika funguvisiwa la Lamu, kati ya kisiwa kikubwa cha Pate na kile chembamba cha Kiwayu. Wakazi wake wengi ni Wabajuni, na maisha yao yanategemea bahari. Kama ilivyo katika visiwa vingi vya upande huo, maji matamu ni adimu. Visima vingi vina chumvi, kwa hiyo tangu zama za mababu watu wamekuwa wakikinga mvua katika majabia.

Kwa msomaji wa Nairobi au Nakuru ambaye hajawahi kuliona, jabia ni birika kubwa lililojengwa kwa mawe na chokaa, au siku hizi kwa saruji, na sehemu yake kubwa huwa chini ya ardhi. Kando yake hutandazwa sakafu pana yenye mteremko. Mvua ikinyesha, maji hukusanyika juu ya sakafu hiyo yakaingia birikani, na watu huyateka kwa ndoo na kamba kupitia mdomo ulioachwa juu. Bila jabia kiangazi huwa kirefu. Lakini jabia lililo wazi ni shimo refu lenye maji, tena liko pale pale watoto wanapocheza.

Sasa tuseme, na huu ni mfano tu, kwamba familia moja ya Mombasa imekwenda Ndau kumtembelea shangazi katika likizo ya Desemba. Jabia la nyumba hiyo lina mfuniko wa mbao uliooza upande mmoja tangu masika. Wenyeji wanajua, na hata mtoto wao mdogo hupitia mbali nao. Wageni hawajui. Siku ya pili, mtoto wa miaka saba anayecheza mchezo wa kujificha na binamu zake anaukanyaga mfuniko, unavunjika, naye anatumbukia. Anaokolewa, lakini mfupa wa paja umevunjika. Inabidi itafutwe boti ya kumpeleka Lamu, kisha asafirishwe hadi Mombasa. Gharama zinapanda, baba anakosa kazi kwa wiki kadhaa, na mtoto anakosa muhula mzima wa shule.

Jambo lingine ni kwamba nyumba yenyewe si ya shangazi. Ilijengwa na mwanawe mkubwa aliyeko Dubai kikazi. Je, kuna mtu yeyote anayewajibika hapa? Au ni kudura tu?

SHERIA YASEMAJE?

Kenya ina sheria maalumu kuhusu jambo hili. Imo katika Sura ya 34 ya Sheria za Kenya, na ilifuata kwa karibu sana sheria iliyopitishwa na bunge la Uingereza mwaka 1957. Inahusu wajibu wa mtu anayeshika mahali fulani kwa wageni wanaoingia hapo.

Kabla ya sheria hiyo, korti zilifuata kanuni ambayo ingemshangaza mtu yeyote wa pwani. Kanuni hizo zilikuwa zimekita mizizi tangu kesi moja ya mwaka 1866, ambapo fundi wa gesi alianguka ndani ya shimo lisilo na uzio katika kiwanda cha sukari jijini London. Mtu aliyeingia mahali kwa shughuli yenye faida kwa mwenye mahali, kama vile mteja dukani, alilindwa zaidi. Rafiki aliyekuja kwa chai tu alilindwa kidogo. Yaani muuzaji alimwogopea mnunuzi kuliko mwenyeji alivyomwogopea mgeni wake!

Sheria mpya ilifuta tofauti hiyo. Leo mteja, jamaa, tarishi na hata mtu mwenye haki ya kisheria ya kuingia, kama vile afisa wa afya aliye kazini, wote ni wageni. Kila mmoja anadaiwa kitu kimoja: uangalifu wa kiasi, kulingana na hali ilivyo, ili awe salama anapotumia mahali hapo kwa shughuli iliyomleta.

Zingatia maneno hayo, "uangalifu wa kiasi". Sheria haimdai mwenye mahali awe malaika wa ulinzi. Mgeni akijikwaa kwenye kanga yake mwenyewe, hakuna wa kulaumiwa. Mvua ikiwa imenyesha dakika mbili zilizopita na mtu akateleza mlangoni kabla hujapata nafasi ya kupiga deki, korti itaelewa. Lakini mfuniko uliooza tangu masika hadi Desemba, huku kila mtu wa nyumba akijua, ni jambo jingine. Hatari ilijulikana, muda wa kurekebisha ulikuwapo, na gharama yake ilikuwa mbao chache.

Aidha, ifahamike kwamba fikra hii si ya Waingereza peke yao. Torati iliamuru kwamba mtu akichimba shimo na kuliacha wazi, kisha ng'ombe au punda akatumbukia, mwenye shimo alipe. Kwingineko humo humo imeamriwa kwamba anayejenga nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari ili mtu asianguke. Wanazuoni wa sheria za Kiislamu nao walijadili habari za mtu anayechimba kisima kwenye njia ya umma bila idhini, wakamtwika dhamana ya atakayedhurika. Mababu waliochimba majabia wangelielewa jambo hili bila wakili.

MWENYE UFUNGUO NDIYE MWENYE MZIGO

Watu wengi hudhani kwamba mtu wa kwanza kutafutwa ni yule ambaye jina lake limo katika hati ya ardhi. Sivyo. Sheria humtafuta anayedhibiti mahali: anayefungua na kufunga, anayeamua nani aingie, anayeweza kuita fundi.

Mwaka 1966 korti ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kesi ya mgeni aliyeanguka na kufa kwenye ngazi za nyuma za baa moja iliyokuwa na vyumba vya kulala. Ngazi zilikuwa na giza na kishikio chake hakikufika chini. Baa ilikuwa mali ya kampuni ya pombe, lakini meneja aliishi humo na familia yake. Majaji walisema kwamba kampuni na meneja wote wawili walikuwa wenye mahali, kwa sababu kila mmoja alikuwa na kiasi fulani cha madaraka. Hata hivyo, hawakuamuru fidia, kwani kishikio peke yake hakikuwa hatari mtu akiona, na haikuthibitishwa kwamba mmoja wao alikosea kuhusu balbu, ambayo huenda iliondolewa na mtu mwingine muda mfupi kabla ya ajali. Kesi hiyo ina mafunzo mawili: wajibu unaweza kushikwa na zaidi ya mtu mmoja, na kuanguka peke yake hakutoshi kukupa fidia.

Tukirudi Ndau, shangazi ndiye anayeishi hapo na kukaribisha wageni, kwa hiyo yeye ni mwenye mahali bila shaka. Mwanawe wa Dubai je? Kama ndiye aliyebaki na amri ya matengenezo, na mama alimpigia simu kumweleza kuhusu mfuniko naye akasema "ngoja mwezi ujao", huenda naye akahesabiwa.

Mjini kanuni ni hiyo hiyo. Ndani ya chumba chako cha kupanga, wewe ndiwe unayedhibiti. Jiko lako la gesi linalovuja na waya wako uliochubuka ni mzigo wako. Lakini ngazi za pamoja, paa, ua, tangi la maji na lango kwa kawaida hubaki mikononi mwa landilodi. Aidha, kama mkataba wa kupanga unamtaka landilodi afanye matengenezo, hawezi kumsukumia mpangaji lawama za ukingo wa roshani uliong'oka.

"HATARI" UKUTANI HAITOSHI

Wengi huamini kwamba kibao kilichoandikwa "Mbwa Mkali" au "Ingia kwa Hatari Yako" kinamaliza mambo. Sheria inasema onyo linatosha tu ikiwa, mtu akilifuata, atakuwa salama kwa kiasi.

Jaji Denning wa Uingereza aliwahi kulieleza jambo hili mwaka 1963 kwa mfano wa daraja. Tuseme nyumba ina njia moja tu ya kuifikia, nayo ni daraja bovu juu ya kijito. Ukiweka kibao cha onyo, mgeni atafanya nini? Hana budi kupita hapo hapo. Onyo halijamsaidia kitu. Lakini kama karibu na hapo kuna daraja jingine zima, na kibao kinamwelekeza huko, basi umetimiza wajibu wako.

Hebu fikiria ngazi za ghorofa tano zisizo na taa. Karatasi yenye maneno "Tahadhari, giza" inamsaidiaje mjamzito anayepanda saa mbili usiku? Anachohitaji ni taa. Vivyo hivyo na yale matangazo ya "Wasimamizi hawatawajibika kwa hasara yoyote". Sheria humruhusu mwenye mahali kupunguza wajibu wake kwa mapatano pale alipo na uhuru wa kufanya hivyo, lakini karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango si ngao ya kila silaha. Korti hutazama kama mgeni aliiona, aliielewa, na kama alikuwa na hiari yoyote.

WATOTO NA MAFUNDI

Sheria yetu inasema waziwazi kwamba mwenye mahali atarajie watoto kuwa na hadhari ndogo kuliko watu wazima. Kwa hiyo shangazi hawezi kujitetea kwa kusema, "Niliwaambia jana wasicheze karibu na jabia." Kwa mtu mzima, neno hilo lingeweza kutosha. Kwa mtoto wa miaka saba, mchezo ukikolea, neno la jana limekwisha sahaulika.

Mwaka 1922 korti za Uingereza zilisikiliza habari za mtoto wa miaka saba aliyekula matunda ya sumu katika bustani ya umma mjini Glasgow, akafa. Matunda yalikuwa mazuri kwa macho, na hapakuwa na uzio wala onyo la maana. Iliamuliwa kwamba kitu cha hatari kinachomvutia mtoto ni kama mtego, na baraza la jiji lingeweza kushtakiwa. Maji ndani ya jabia, bwawa la kuogelea la hoteli, mchanga wa ujenzi, gari bovu uani, vyote huwaita watoto kwa namna hiyo hiyo.

Hata hivyo wazazi hawajaachwa pembeni. Mwaka 1955 jaji mmoja alikataa kumlipa mtoto wa miaka mitano aliyeanguka kwenye mtaro wa ujenzi, akisema kwamba mwenye ardhi ana haki ya kutarajia kwamba wazazi wenye busara hawatamwacha mtoto mdogo hivyo azurure bila mlezi. Kwa hiyo wewe unayempeleka mwanao likizoni kisiwani au shambani, usimkabidhi kwa mazingira asiyoyajua ukadhani kazi ya kumlinda ni ya mwenyeji peke yake. Zunguka naye uani siku ya kwanza. Mwonyeshe kisima kiko wapi.

Fundi naye anatarajiwa kuzijua hatari za kazi yake. Ukimwita fundi wa umeme, akapigwa na umeme wa waya aliokuja kuutengeneza, kwa kawaida halitakuwa kosa lako. Lakini akiporomoka kwenye ngazi yako mbovu akielekea kwenye waya huo, hiyo si hatari ya ufundi wake.

Na je, kama shangazi alimwajiri seremala atengeneze mfuniko mpya, naye akatumia mbao mbovu? Ikiwa alimchagua fundi anayefahamika kwa kazi hiyo, akaikagua kazi kadiri ya uwezo wake, sheria haitamtwika kosa la seremala. Lakini msaidizi wa nyumbani au mfanyakazi wa kudumu akiumia kazini, anayo njia nyingine ya kudai, yaani Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini ya mwaka 2007.

ASIYEALIKWA

Sura ya 34 inawalinda wageni. Mwizi aliyeruka ukuta akavunjika mguu si mgeni. Lakini usidhani kwamba unaweza kumtegea mtego. Kumdhuru mtu kwa makusudi, hata kama ameingia bila ruhusa, ni kosa. Na kama ni mtoto wa jirani anayekatiza uani kwako kila siku kwenda shuleni, nawe unamwona na kunyamaza, korti inaweza kusema kwamba umempa ruhusa kwa kimya chako.

Mwaka 1972 majaji wa Uingereza waliamua kesi ya mvulana wa miaka sita aliyepita kwenye uzio uliovunjika na kuungua vibaya kwenye reli ya umeme. Shirika la reli lilijua kwamba uzio ulikuwa umevunjika na kwamba watu hupita hapo. Mvulana hakuwa na ruhusa, lakini shirika lilipatikana na hatia ya kukosa kutimiza wajibu wa kibinadamu.

MASHUA, MAGARI NA MAGHOROFA

Huenda msomaji wa visiwani akauliza, je, mashua? Sheria yetu inataja waziwazi vyombo vya majini, magari na ndege pamoja na majengo. Ubao wa kupandia unaoyumba au sakafu ya boti iliyooza ni sawa na ngazi mbovu ya nyumba. Nchi hii haijasahau tarehe 29 Aprili 1994, wakati feri ya Mtongwe ilipopinduka Mombasa na watu zaidi ya 270 wakafa maji. Chombo kinachobeba abiria ni nyumba ya watu kwa muda wa safari.

Na mijini, hakuna asiyekumbuka Huruma. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha Nairobi, jengo la orofa sita liliporomoka na kuua watu karibu 50. Ilielezwa kwamba jengo hilo lilikuwa limekwisha tiwa alama ya kubomolewa. Wenye jengo walikamatwa na kufikishwa kortini. Hapa yafaa tutofautishe mambo mawili. Kesi ya jinai hufunguliwa na serikali, na mwisho wake ni faini au kifungo. Kesi ya fidia hufunguliwa na aliyeumia au jamaa za marehemu. Moja haizuii nyingine. Mtu akifa, mjane, watoto na wazazi waliomtegemea wanaweza kudai chini ya Sura ya 32.

UKIUMIA, FANYA HAYA

Kwanza, tibiwa, na utunze kila karatasi. Gharama za matibabu, nauli ya boti na dawa hulipwa kwa ushahidi wa risiti. Maumivu yenyewe korti huyakadiria, lakini fedha ulizotumia lazima uzithibitishe.

Pili, piga picha za mahali ulipoumia siku hiyo hiyo, kwani mfuniko uliooza huweza kubadilishwa kesho yake asubuhi. Andika majina ya walioona.

Tatu, usikawie. Kwa kawaida kesi ya namna hii hufunguliwa ndani ya miaka mitatu. Kama anayedaiwa ni serikali, muda ni miezi kumi na miwili tu. Aliyeumia akiwa mtoto, mzazi anaweza kudai kwa niaba yake, na hakuna faida ya kungoja akue.

Nne, jua pa kwenda. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016 inataja fidia ya majeraha miongoni mwa madai inayoshughulikia. Kiwango chake hakizidi shilingi milioni moja, unaweza kujisemea mwenyewe, na shauri linatakiwa limalizwe ndani ya siku 60. Pasipo na mahakama hiyo, nenda kwa hakimu. Kadhi si mahali pake. Chini ya Katiba ya 2010, Kadhi husikiliza mambo ya ndoa, talaka, urithi na hali ya mtu baina ya Waislamu, wala si majeraha.

Tano, uwe mkweli. Kama ulikuwa mlevi, au uliruka ukingo ili ufupishe njia, korti itagawa lawama. Aliyestahili shilingi 200,000 akionekana amechangia robo ya kosa, atapewa 150,000.

UNDUGU JE?

Sasa tufike penye uzito wa jambo lenyewe. Ni nani kule Ndau, au Kibera, au Kakamega, atakayemshtaki shangazi yake? Wengi wetu tutasema bora kubeba hasara kuliko kuvunja udugu. Na wengine, wakibeba hasara hiyo kimya, hukaa na kinyongo miaka kumi. Hawaji arusini, hawaji mazishini. Udugu waliotaka kuulinda umevunjika vile vile, na mtoto bado anachechemea.

Iko njia ya kati. Katiba yetu, kifungu cha 159, inahimiza upatanisho na njia za jadi za kumaliza migogoro, mradi zisikiuke haki za mtu wala Katiba yenyewe. Wazee wa kijiji au watu wazima wa ukoo wanaweza kukaa na pande mbili. Hapo ndipo kuijua sheria kunapofaa. Baba wa mtoto hafiki kuomba sadaka, wala shangazi hafiki kama mhalifu. Wote wanajua kwamba mfuniko ulikuwa mzigo wa nani na kwamba mlezi wa mtoto naye alikuwa wapi. Shangazi na mwanawe wa Dubai wakikubali kulipa nusu ya matibabu kwa awamu, jambo hilo liandikwe, litiwe sahihi mbele ya mashahidi. Maandishi hayavunji udugu. Kinachouvunja ni ahadi ambayo kila mmoja anaikumbuka kwa namna yake.

Kwa wenye biashara, hoteli na majumba ya kupangisha, iko bima inayolipa madai ya watu wanaoumia mahali pako. Ulizia. Ada yake ni ndogo kuliko kesi moja.

Lakini kilicho bora kuliko bima, korti na wazee ni kuzunguka kwako leo, Jumapili, kwa macho ya mgeni. Wewe umezoea kuruka ngazi ya tatu iliyovunjika, mgeni hajazoea. Wewe unajua kwamba swichi ya bafuni inapiga, mgeni hajui. Angalia ukingo wa roshani, taa ya ngazini, kamba ya mbwa, mfuniko wa tangi. Ukiwa mpangaji, mwandikie landilodi barua kuhusu kilichoharibika na ubaki na nakala, kwani asiyeambiwa anaweza kusema hakujua, lakini aliyeandikiwa hawezi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, wakasema pia mgeni njoo mwenyeji apone. Basi tuzibe ufa kabla mgeni hajabisha hodi, ili naye arudi kwao mzima kama alivyokuja.